Namungo Ibaki Ruangwa: Hoja Dhidi ya Timu za Kuhamahama

Novemba 29, 2022, Yanga iliingia Uwanja wa Highland Estates, Ubaruku, wilayani Mbarali, ikiwa imecheza michezo 49 ya Ligi Kuu bila kupoteza hata mmoja. Ilitoka imefungwa 2-1 na Ihefu, timu iliyobeba jina la ardhioevu ya bonde la Usangu. Oktoba 2023 Yanga ikarudi palepale, ikafungwa tena 2-1. Kwa wilaya ya wakulima wa mpunga, ambayo nchi nzima huisikia zaidi kwenye habari za maji na mifugo, hayo yalikuwa mambo makubwa. Kisha mwanzoni mwa 2024, ligi ikiwa katikati, timu ikahamishiwa Singida na kuanza kutumia Uwanja wa Liti. Msimu uliofuata hata jina la Ihefu likaondolewa. Timu inaitwa Singida Black Stars. Pointi ambazo watu wa Mbarali walizishangilia nyumbani msimu ule zikamalizia kuhesabiwa mkoa mwingine, na mtoto wa Ubaruku aliyejifunza kuipenda timu ya kwao kabla hajaipenda ya Dar es Salaam akaambiwa, kwa vitendo, kwamba alikosea kuchagua.

Nimeanza na Mbarali kwa sababu ya Ruangwa. Kati ya miji midogo ya Tanzania iliyowahi kuonja Ligi Kuu, Ruangwa ni mmoja wa michache ambayo bado ina timu yake, kwenye uwanja wake, kwa jina lake. Namungo ni jina la mahali wilayani humo, panapojulikana kwa machimbo ya madini. Timu hiyo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019 na msimu wake wa kwanza ikamaliza nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam tu. Msimu huohuo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ikafungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga, na kwa kuwa Simba ilikuwa tayari bingwa wa ligi, Namungo ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Huko ikafika hadi hatua ya makundi, baada ya kuitoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5. Ndani ya makundi, mbele ya Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, haikuambulia pointi. Hilo halipunguzi uzito wa jambo lenyewe: wilaya ya korosho na ufuta, ambayo Watanzania wengi wasingeweza kuionesha kwenye ramani, ilitajwa kwenye droo moja na Casablanca.

Hoja yangu ni hii. Mapenzi ya shabiki kwa timu ya wilayani ni kitu kinachojengeka polepole, kwa kuonana, na kinahitaji jambo moja kabla ya ushindi na kabla ya nyota: uhakika kwamba timu itakuwepo. Kila mara timu inapouzwa na kuhamishwa, anayeumia ni aliyeachwa, lakini si yeye peke yake. Mashabiki wa wilaya nyingine zote wanaona, na wanajifunza kutoweka moyo wao mahali pasipo salama. Kwa hiyo kuhama kwa Ihefu ni jambo la Ruangwa, ni jambo la Nachingwea, wilaya jirani, na ni jambo la Shirikisho la Mpira wa Miguu, TFF, ambalo kila mwaka hulalamikiwa kuwa na ligi yenye majukwaa matupu pale Simba na Yanga wasipokuwa uwanjani.

Tazama jinsi Namungo ilivyo timu ya eneo pana kuliko mipaka ya wilaya inavyoonesha. Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea, na watu wa pande hizo mbili wanashiriki mashamba, ndoa, misiba na minada. Chama Kikuu cha Ushirika kinachouza korosho na ufuta wao kinaitwa RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mkulima wa Nachingwea ambaye mzigo wake uko ghalani anasubiri bei ileile na mnada uleule na mwenzake wa Ruangwa. Nachingwea haina timu ya Ligi Kuu. Anayetaka kuiona ligi kwa macho yake, bila skrini ya kibanda cha kuonesha mpira, hupanda gari au bodaboda kwenda Ruangwa. Siku ya mchezo mkubwa nyumba za wageni za Ruangwa hujaa, mama lishe hupika mara mbili ya kawaida, na magari huja kutoka Nachingwea, Liwale na Masasi. Julai 2020, Simba ilipokabidhiwa kombe lake la ubingwa, ilikabidhiwa katika Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, baada ya kutoka sare na wenyeji. Watu waliozoea kuliona kombe hilo kwenye televisheni waliliona likinyanyuliwa mbele yao.

Sasa, yapo maneno yanayorudiwa kila mara jambo hili likizungumzwa: kwamba Tanzania haina mashabiki wa timu za mikoani, ina Simba na Yanga tu, kwa hiyo kuhamisha timu ndogo hakumuumizi mtu. Wanaosema hivyo wana ushahidi wa macho. Siku Simba ikicheza Ruangwa, nusu ya uwanja au zaidi inaweza kuwa nyekundu. Mtu mmoja anavaa jezi ya Namungo miezi tisa ya msimu, na siku hiyo moja anaivua. Lakini wanachukua matokeo wakayafanya chanzo. Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo anuani zao hazijatoka Kariakoo: moja Jangwani, nyingine Msimbazi. Zimebadilisha majina, makocha, wafadhili na viongozi. Zimegombana hadi mahakamani. Zimekosa mishahara ya wachezaji. Hakuna aliyewahi kuamka akakuta Yanga imekuwa timu ya Kigoma. Mababu waliochagua upande miaka ya 1950 waliwaachia watoto wao kitu ambacho bado kipo. Mapenzi yanarithishwa pale tu panapokuwa na cha kurithisha. Mzazi wa Mbarali angemrithisha nini mwanawe?

Na sheria yenyewe imewalinda wakubwa. Mjadala wa mfumo wa hisa ulipopamba moto, kanuni za serikali za mwaka 2017 ziliweka wazi kwamba katika klabu iliyoanzishwa na wanachama, mwekezaji asizidi asilimia 49. Wanachama wabaki na 51. Ndiyo maana mwekezaji wa Simba, Mohammed Dewji, pamoja na fedha zake zote, hawezi kuipeleka timu hiyo kokote. Klabu ndogo nyingi hazina kinga hiyo kwa sababu hazikuanza na wanachama wenye kadi. Zilianza na mtu, kampuni, jeshi au halmashauri. Shabiki wa klabu hizo ana filimbi na jezi, basi; hana kadi, hana kura, na mkataba wa mauzo ukisainiwa yeye husikia redioni. Kwa hiyo shabiki wa wilayani anayeamua kuwa Simba au Yanga kwanza, na timu ya nyumbani baadaye, hana tatizo la uzalendo. Amepima hatari akachagua kwa busara. Tukitaka achague vingine, tupunguze hatari.

Singida inatoa somo kamili, tena bila kuwalaumu watu wa Singida, ambao wameonesha kwamba wanapenda mpira. Mwaka 2017 Singida United ilipanda Ligi Kuu kwa kishindo, ikasajili wachezaji wa nje, ikajaza uwanja. Mwaka 2020 ikashuka. Mwaka 2022 timu iliyopanda kwa jina la DTB ikabadilishwa jina na kuwa Singida Big Stars, ikamaliza nafasi ya nne msimu wake wa kwanza. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Mwanzoni mwa 2024 hiyo ikaondoka kwenda Mwanza kutumia CCM Kirumba, na nafasi yake mjini Singida ikachukuliwa na Ihefu. Msimu wa 2024/25 iliyoondoka ikawa Fountain Gate, makazi Babati, na iliyohamia ikawa Singida Black Stars. Ndani ya miaka minane, shabiki mwaminifu wa Singida ametakiwa kuzipenda timu tatu, mbili kati yake zikiwa na majina mawili kila moja, na kuisahau kila iliyotangulia siku inapoondoka. Tabora nayo ilipata timu iliyopanda kwa jina la Kitayosce, yenye asili ya Kilimanjaro; ikawa Tabora United, na mwaka 2025 ikawa TRA United. Anayeshangaa kwa nini majukwaa ya mikoani hayatulii aanzie hapo. Hata mji unaonufaika na uhamisho haunufaiki na mapenzi ya kudumu, kwa sababu timu iliyokuja kwa lori leo inaweza kuondoka kwa lori kesho, na kila mtu analijua hilo.

Kwa nini uhamisho umekuwa rahisi hivi? Sababu moja ni fedha za televisheni. Mei 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ni mkataba mzuri. Umeleta mishahara pale palipokuwa na ahadi. Lakini umebadilisha pia nani ana nguvu. Zamani, timu ya mkoani isiyojaza uwanja ilikufa njaa, kwa hiyo ililazimika kubembeleza wenyeji. Leo mgawo wa televisheni unafika popote timu ilipo, na nafasi ya Ligi Kuu imekuwa mali yenye bei sokoni. Mapato ya mlangoni yanabaki na uzito siku mbili za msimu, Simba na Yanga wakija, na hata siku hizo mbili zimekuwa zikihamishwa kwenda viwanja vikubwa ili tiketi ziwe nyingi. Namungo yenyewe, msimu wa 2021/22, iliwahi kuzipokea Yanga na Simba Uwanja wa Ilulu mjini Lindi. Michezo yake ya nyumbani ya Afrika ilichezwa Dar es Salaam. Zinaweza kuwepo sababu za kanuni na ubora wa viwanja, na siwezi kulaumu mtu kwa kufuata kanuni. Ninachosema ni kwamba mkulima wa Nachingwea aliyeisubiri Yanga mwaka mzima, akasikia mchezo umepelekwa Lindi, amepata uhamisho mdogo, na uhamisho mdogo unamwandaa mtu kwa mkubwa.

Wapo wanaotolea mfano Marekani, ambako timu za besiboli na michezo mingine zinahama na ligi zinazidi kutajirika. Mfano huo ufuatwe hadi mwisho. Brooklyn Dodgers waliondoka New York baada ya msimu wa 1957, wakaenda Los Angeles, wakapata mashabiki wengi zaidi kuliko waliowaacha. Ni kweli. Lakini tazama Oakland. Athletics walitoka Philadelphia kwenda Kansas City, wakatoka Kansas City kwenda Oakland mwaka 1968, na baada ya msimu wa 2024 wakaondoka Oakland pia, kituo cha muda kikiwa Sacramento wakielekea Las Vegas. Juni 13, 2023, mashabiki wa Oakland, ambao mwenye timu alikuwa akidai hawaji uwanjani, walijaa 27,759 kwa usiku mmoja, wamevaa fulana zinazomtaka auze timu. Hawakukosa mapenzi, walikosa mamlaka. Baadaye mjini humo ikaanzishwa timu ndogo, Oakland Ballers, na mashabiki wakauziwa hisa ndani yake, maana hawakutaka kuachwa mara ya pili.

Kuna tofauti kubwa zaidi ambayo wanaotaja Marekani huiruka. Ligi zao kubwa zimefungwa: hakuna kupanda, hakuna kushuka. Mji usio na timu hauna njia ya kuipata ila kwa ligi kuongeza timu au kwa kuichukua ya mji mwingine. Sisi tuna ngazi. Ligi ya wilaya inaenda ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa wanakutana, wanapanda First League, wanapanda Championship, wanapanda Ligi Kuu. Ruangwa ilifika kileleni kwa ngazi hiyo. Anayenunua nafasi ya Ihefu anaruka ngazi, na anawaruka vijana wa Championship wanaosafiri kwa basi saa ishirini kutafuta pointi tatu. Kwa Marekani uhamisho ni ukatili unaoeleweka ndani ya mfumo wao. Kwetu ni ukatili, na juu yake ni njia ya mkato dhidi ya kila timu inayopanda kwa jasho.

Uingereza, yenye ngazi kama yetu, ilijaribu mara moja na bado inajuta. Wimbledon, mabingwa wa Kombe la FA la 1988, walipelekwa Milton Keynes mwaka 2003, na mwaka uliofuata jina likawa MK Dons. Mashabiki waliokataa walikuwa tayari wameunda AFC Wimbledon mwaka 2002, wakaanzia daraja la tisa, wachezaji wakiwa wametafutwa kwa majaribio kwenye uwanja wa wazi. Mwaka 2011 wakarudi kwenye ligi ya kulipwa. Mwaka 2007 Milton Keynes walikubali kumbukumbu na vikombe vya Wimbledon ya zamani virudishwe Merton, halmashauri ya nyumbani kwao. Haikuwa na maana kuvishikilia. Hakuna mtu wa Milton Keynes aliyekuwa Wembley mwaka 1988 akishangilia ushindi ule kama wake.

Nirudi kwenye pingamizi zito zaidi, ambalo ni la fedha. Mtu atauliza: bila mnunuzi, Ihefu ingekufa, je, heri ife Mbarali kuliko iishi Singida? Swali hili lina heshima yake, kwa sababu kuendesha timu ya Ligi Kuu ni gharama ambayo wilaya nyingi haziwezi kuimudu. Safari ya Ruangwa hadi Bukoba au Kigoma pekee ni mzigo. Lakini swali linachanganya mambo mawili: kuuza hisa na kuhamisha makazi. Mwekezaji anaweza kununua sehemu ya timu akaiacha mahali pake, na akikataa masharti hayo tumeshajua alichokuwa akinunua ni nafasi. Pili, kushuka daraja si kifo. Pamba ya Mwanza ilishuka ikakaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka ishirini. Jina halikuuzwa kwenda popote. Halmashauri ya jiji ikaishika, na mwaka 2024 ikarudi ikiitwa Pamba Jiji, ikakuta wazee walioshangilia zamani wakiwa na wajukuu wao jukwaani. Coastal Union, mabingwa wa 1988, wameshuka na kupanda, na Tanga haijawahi kuwa na shaka kwamba ni wao. Timu iliyoshuka ikabaki nyumbani ina mashabiki wenye hasira. Timu iliyohamishwa ina mashabiki waliokufa moyo, na hao hawarudi kwa tiketi ya bei nafuu.

Pingamizi jingine linaielekea Namungo moja kwa moja: kwamba mapenzi ya Ruangwa ni ya kupandikizwa, kwamba timu ilipaa kwa sababu ya Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa kuanzia 2010 na Waziri Mkuu kuanzia 2015, vyote hadi 2025, na uwanja unabeba jina lake. Sina haja ya kukanusha kwamba mkono wa mkubwa ulisaidia. Klabu nyingi duniani zina mfadhili mwanzoni mwa habari zao. Swali la maana ni nini kimeota baada ya hapo. Watoto walioanza darasa la kwanza Namungo ikipanda sasa wako sekondari, na maisha yao yote ya kukumbuka mpira yana Namungo ndani yake. Kwao hakuna kilichopandikizwa. Lakini pingamizi hili lina onyo la kweli, na wanaoipenda timu walisikilize: kitu kilichoegemea nafasi ya mtu mmoja kinabaki wazi siku mtu huyo akiondoka kwenye nafasi. Majaliwa hayupo tena ofisini wala bungeni. Hicho ndicho kipindi ambacho wanunuzi wa nafasi huanza kupiga simu.

Watu wa Nachingwea hawahitaji kufundishwa jinsi vitu vikubwa vinavyokuja na kuondoka. Baada ya mwaka 1947 Waingereza walifyeka misitu yao kwa mpango wa karanga, wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka bandari ya Mtwara hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, na vyuma vikang'olewa vikapelekwa kwingine. Uamuzi wa kuleta ulifanywa London, uamuzi wa kuondoa haukufanywa Nachingwea. Umiliki wa mbali ndio uliofanya hayo yawezekane, na umiliki wa mbali ndio unaofanya timu ihamishike.

Kanuni za kuzuia timu kuhamishwa hivi zipo tayari. Kanuni za utekelezaji wa katiba ya FIFA zinataka haki ya klabu kushiriki ligi itegemee kwanza matokeo ya uwanjani, na zinakataza klabu kubadilisha muundo wake ili kujipatia nafasi kwa kuharibu uadilifu wa mashindano. Zinataja kwa mfano kuhamisha makao, kubadilisha jina na kuhamisha hisa kati ya klabu na klabu. TFF ni mwanachama wa FIFA. Haina sababu ya kusubiri kesi. Iandike kwamba timu haihami mkoa ligi ikiendelea, na kwamba anayehama baada ya msimu aanzie daraja la chini. Na yule ambaye uhamisho wake utakubaliwa kwa sababu za lazima aache nyuma jina, rangi na kumbukumbu. Cleveland walifanya hivyo mwaka 1996 timu yao ya mpira wa Kimarekani ilipokwenda Baltimore: jina la Browns, rangi na historia vilibaki, na mwaka 1999 timu mpya ikavaa vilevile. Mbarali ingebaki na Ihefu yake, hata kama ni ya ligi ya mkoa.

Kwa upande wa Ruangwa na jirani zake, kazi isisubiri Dar es Salaam. Namungo ianzishe uanachama wenye kadi na kura, kwa ada ambayo muuza nyanya anaweza kuilipa, na usajili ufanyike pia Nachingwea na Liwale, kwenye ofisi za vyama vya msingi ambako wakulima hufika kila msimu. Nasema kwa hiari, nalirudia: kwa hiari. Kilo ya korosho inakatwa makato ya kutosha, na timu itakayopendwa kwa tozo itachukiwa kwa tozo. Anayetaka anunue hisa siku amelipwa fedha za mnada, kwa risiti, na jina lake liingie kwenye daftari. Wanachama wakifikia umiliki wa asilimia 51, kanuni ileile inayowalinda watu wa Jangwani na Msimbazi iwalinde na wao. Katiba ya klabu itaje Ruangwa kuwa makao yake na iseme kwamba makao hayo hayabadiliki bila theluthi mbili ya kura za wanachama, katika mkutano unaofanyika wilayani humo. Haya yafanyike sasa, timu ikiwa Ligi Kuu na ikiwa haijatangazwa kuuzwa, kwa sababu baada ya mnunuzi kuja na begi lake, wenye daftari tupu hawatakuwa na cha kumwonesha.